Mishikaki ya Kari Inatoka Migumu Kama Raba? Kosa Linaanzia Kwenye Beseni, Siyo Kwenye Jiko

Jioni ikiingia Mshangano, hasa Juni na Julai baridi ya Songea inapouma, hakuna kinachomsimamisha mtu barabarani haraka kama harufu ya nyama yenye kari juu ya mkaa. Mtu anashuka kwenye bodaboda, anaagiza vijiti vitatu, anang'ata cha kwanza. Hapo kuna mambo mawili. Ama anaagiza vingine vitatu, au anatafuna mpaka taya zinauma halafu anauliza, "Kaka, hii nyama au raba?"

Wa pili harudi kesho. Na kwa anayeuza mishikaki, mteja asiyerudi ni hasara kubwa kuliko mkaa na viungo vikijumlishwa.

Wengi wakishaambiwa nyama ni ngumu wanalaumu moto, bucha au ng'ombe mwenyewe. Ukweli ni kwamba mishikaki mingi inaharibika saa moja au mbili kabla ya moto kuwashwa, wakati nyama bado iko kwenye beseni. Hapa chini kuna utaratibu mzima wa kilo moja ya nyama, na sababu ya kila hatua, ili ukikosea ujue umekosea wapi.

Hesabu kwanza: vijiti vinne ndiyo faida yako

Kabla ya viungo, angalia pesa. Hizi ni bei za mfano tu, weka za kwenu.

Tuseme steki kilo moja ni shilingi 12,000. Viungo, ndimu na mafuta 1,500. Mkaa 1,500. Vijiti 500. Jumla umetumia 15,500.

Ukikata vipande vya gramu 15, baada ya kuondoa mishipa na utando unabaki na gramu kama 900, yaani vipande 60. Kijiti kimoja vipande vitatu, unapata vijiti 20. Ukiuza 1,000 kila kimoja, una 20,000. Faida ni 4,500.

Sasa ona. Ukikata kwa kukadiria, vipande vikafika gramu 20, vinatoka 45 tu, sawa na vijiti 15. Umeuza 15,000. Umefanya kazi jioni nzima ukapata hasara ya 500.

Na hata ukikata vizuri, vijiti vinne vikiungua au vikirudishwa, 4,000 imeondoka. Unabaki na 500 mfukoni. Ndo maana utaratibu wa kwenye beseni siyo mapambo. Ni biashara yenyewe.

Huna mizani? Chukua kiberiti cha kawaida. Kipande cha nyama chenye ukubwa wa nusu ya kiberiti kina gramu kama 15.

Kwa nini nyama yetu inakuwa ngumu

Ng'ombe wengi Tanzania ni wa asili. Wanatembea umbali mrefu kutafuta malisho na maji, na wengi wanachinjwa wakiwa wamekomaa. Nyama yao ina ladha nzuri sana, lakini nyuzi zake ni imara na ina mishipa mingi.

Mishipa na ule utando mweupe vinalainika vikipikwa kwa maji na moto mdogo kwa muda mrefu, kama kwenye supu. Dakika 10 za juu ya jiko hazitoshi. Kwa hiyo kisichoondolewa kwa kisu hakitaondolewa na moto.

Omba steki, siyo nyama mchanganyiko. Ukifika nyumbani toa utando wote. Halafu tafuta nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzikatisha, siyo kuzifuata. Ukizikatisha, kila kipande kinabaki na nyuzi fupi ambazo meno yanaziachanisha kirahisi. Ukizifuata, mteja anatafuna kamba.

Mahitaji ya kilo moja

- Nyama ya steki, kilo 1
- Kitunguu swaumu, punje 6
- Tangawizi mbichi, kipande cha kidole gumba
- Unga wa kari, vijiko 2 vya chakula
- Binzari nyembamba ya unga, kijiko 1 cha chai
- Pilipili manga, nusu kijiko cha chai
- Chumvi, vijiko 2 vya chai
- Papai bichi lililokwanguliwa, kijiko 1 cha chakula
- Ndimu kubwa 1
- Mafuta ya kupikia, vijiko 3 vya chakula
- Pilipili kali, kwa kadiri ya wateja wako
- Vijiti 20

Tangawizi isikusumbue, Songea iko karibu na Madaba ambako inalimwa kwa wingi. Ya mbichi iliyotwangwa ni bora kuliko ya unga, na yenyewe ina uwezo kidogo wa kulainisha nyama.

Angalizo kwenye kari: ukienda dukani ukasema tu "nipe binzari", unaweza kupewa binzari manjano tupu. Hiyo inatoa rangi, lakini ladha ya kari hupati. Kari ni mchanganyiko: ndani yake huwa kuna manjano, giligilani, binzari nyembamba, uwatu, pilipili na vingine kutegemea mtengenezaji. Soma pakiti. Kama imeandikwa kuwa ina chumvi, punguza chumvi yako.

Hatua ya 1: Iamshe kari kwenye mafuta

Hili wengi wanaliruka. Kari ikitolewa kwenye pakiti na kumwagwa moja kwa moja kwenye nyama, mishikaki inatoka na ladha ya vumbi na unga mbichi.

Sababu ni kwamba harufu na ladha nyingi za viungo hivi zinayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Weka mafuta kwenye sufuria ndogo, moto mdogo sana. Tia kari na binzari nyembamba, koroga sekunde 30 tu. Ukisikia harufu imebadilika na kujaa jikoni, epua. Ukizidisha inaungua na kuwa chungu.

Acha ipoe kabisa. Usimwagie nyama mbichi mafuta ya moto.

Chota kijiko kimoja cha mafuta hayo, kiweke pembeni kwenye kikombe kisafi. Utakihitaji mwishoni.

Hatua ya 2: Chumvi na viungo kwanza

Twanga kitunguu swaumu na tangawizi mpaka vilainike. Changanya na mafuta ya kari yaliyopoa, pilipili manga, pilipili kali na chumvi. Tia nyama, ikande kwa mikono safi mpaka kila kipande kipate rangi.

Hapa kuna jambo la kuelewa. Kati ya vyote ulivyoweka, kinachoingia ndani ya nyama kweli ni chumvi. Kari, kitunguu swaumu na tangawizi vinabaki zaidi juu juu. Kwa hiyo kuongeza kari mara mbili hakufanyi nyama ikolee mpaka katikati, kunafanya ganda la nje liungue. Anayetaka mishikaki iliyokolea aipe chumvi muda, na akate vipande vidogo.

Kama una friji, nyama inaweza kukaa kwenye chumvi na viungo kwa saa mbili au hata usiku kucha. Hiyo haina shida. Shida iko kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Papai na ndimu, lakini kwa saa

Papai bichi lina utomvu wenye kimeng'enya kinachoitwa papaini. Kazi yake ni kukatakata protini za nyama. Ni kitu chenye nguvu, na hakijui kuacha. Ukikiacha kinaendelea.

Kwa vipande vidogo hivi, nusu saa mpaka saa moja inatosha. Ukilaza usiku kucha, asubuhi unakuta nyama imekuwa kama uji kwa nje, huku katikati haijaguswa. Ukiichoma inameng'enyeka kwenye kijiti na kudondokea kwenye mkaa.

Kingine: papaini inafanya kazi kwa nguvu zaidi nyama ikiwa vuguvugu. Kwa hiyo hata ukishaweka jikoni, dakika za mwanzo bado inalainisha. Ikizidi joto ndiyo inakufa. Usiogope kuweka muda mfupi, jiko litamalizia.

Ndimu nayo ina masharti. Ukamuaji mmoja unaamsha ladha. Ndimu tatu kwa saa sita zinafanya nyama ibadilike rangi, ikakamae nje kama imepikwa, na jikoni inakauka haraka.

Huna papai? Nanasi bichi lililokunwa linafanya kazi kama hiyo, na muda ni ule ule mfupi. Maziwa mgando yanalainisha taratibu zaidi, kwa hiyo hayo ndiyo ya kulaza usiku ndani ya friji.

Ratiba ya kuchoma saa 12 jioni

Mwenye friji: saa 9 alasiri nyama iingie kwenye chumvi na viungo, ndani ya friji. Saa 11 jioni tia papai na ndimu. Saa 11 na nusu washa mkaa. Saa 11 na dakika 45 tunga kwenye vijiti. Saa 12 weka jikoni.

Asiye na friji: nunua nyama jioni hiyo hiyo. Saa 11 changanya kila kitu kwa pamoja, saa 12 choma. Basi. Nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa mbili.

Na hapa wengi wa Songea wanajidanganya. Mji uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai unavaa sweta mbili, kwa hiyo mtu anasema nyama haiwezi kuharibika. Baridi ya Songea siyo friji. Nyama salama inatakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 4 au chini yake, na usiku ambao wewe unatetemeka bado unaweza kuwa na joto la kutosha bakteria kuzaliana. Beseni lililolala chini ya meza halijalala salama.

Hatua ya 4: Kutunga, usipakie mishikaki kwenye mishikaki

Mtaani bodaboda ikibeba abiria wawili au watatu, watu wanasema imepakia mishikaki. Kwenye jiko, upakiaji huo haufai. Nyama ikibanana, pande zinazogusana zinabaki mbichi wakati nje kumeshaungua. Acha nafasi ndogo, hata ya unene wa sarafu, kati ya kipande na kipande.

Vijiti vya mbao viloweke kwenye maji nusu saa visiungue. Wanaotumia spoku za baiskeli wawe makini: nyingi zimepakwa zinki, na hazikutengenezwa kugusa chakula chenye ndimu na moto. Vyuma visivyoshika kutu vinavyouzwa kwa ajili ya mishikaki ni salama zaidi na unavitumia miaka.

Ukipenda, katikati weka kipande kidogo cha mafuta ya nyama. Kinayeyuka na kulainisha vipande vya pembeni. Kiwe kidogo lakini. Mafuta mengi yakidondokea mkaa yanawasha ndimi za moto, na moshi wa masizi unashika nyama.

Kabla ya kuweka jikoni, pangusa mabonge ya kitunguu swaumu na kari yaliyong'ang'ania juu. Hayo ndiyo yanaungua kwanza na kuleta uchungu.

Hatua ya 5: Moto

Usiweke nyama mkaa ukiwa unawaka ndimi. Subiri mpaka uwe mwekundu ndani na majivu meupe juu. Sukuma mkaa mwingi upande mmoja wa jiko, upande mwingine uwe haba. Sasa una sehemu ya kubabua na sehemu ya kuivisha.

Kupima, weka kiganja juu ya wavu, kama urefu wa kidole kirefu hivi. Ukiweza kuhesabu mpaka nne au tano kabla hujatoa mkono, moto uko sawa. Ukiishia mbili, ni mkali, kari itaungua kabla nyama haijaiva.

Anza upande mkali, geuza kila baada ya dakika moja mpaka pande zote zipate rangi. Kisha hamishia upande wa moto mdogo. Kwa vipande vya nusu kiberiti, jumla ni kama dakika 8 mpaka 12.

Zikibaki dakika mbili, chukua yale mafuta ya kari uliyoweka pembeni, upake. Hapo ndipo ile harufu inayosimamisha bodaboda inapotoka.

Kosa la hatari: kupaka maji ya beseni

Wapo wanaochovya brashi kwenye beseni lililokuwa na nyama mbichi na kupaka mishikaki iliyokwisha kuiva. Ladha inaongezeka, ni kweli. Lakini umerudisha damu na bakteria wa nyama mbichi juu ya chakula kilichoiva, na dakika moja ya moto haitoshi kuwaua.

Ukitaka kuyatumia maji hayo, yachemshe kwanza kwenye sufuria mpaka yatokote kabisa. Vinginevyo mwaga. Sahani iliyobeba mibichi isibebe mibivu. Kachumbari nayo ikatwe kwenye ubao mwingine na kisu kingine.

Kuna pia wanaochemsha nyama kwanza ili kuwahi wateja. Hilo halina ubaya kama nyama imeiva kabisa na imehifadhiwa kwenye baridi. Kuiivisha nusu, kuiacha mezani saa nzima kisha kuimalizia mteja akifika, ni kutega ugonjwa. Ile nusu ya moto inapasha nyama joto wanalolipenda bakteria.

Mishikaki ya kitimoto ina sheria yake

Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, Ruvuma ikiwemo, inafuga nguruwe kwa wingi, na mishikaki ya kitimoto ina wapenzi wake. Viungo ni vile vile, ila hapa hakuna "iachie damu kidogo".

Nyama ya nguruwe inaweza kuwa na vifuko vya minyoo aina ya tegu. Ukiiangalia utaona vipunje vyeupe vinavyofanana na punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, tegu anakua tumboni mwake. Mtu mwenye tegu hutoa mayai chooni, na asiponawa mikono vizuri mayai hayo yanaweza kuingia kwenye chakula cha wengine. Mayai yakimezwa, vifuko vinaweza kujijenga mwilini, hata kwenye ubongo, na kuleta kifafa.

Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuathirika hata kama hajawahi kula kitimoto maishani, kwa sababu tu aliyemwandalia kachumbari hakunawa. Sabuni na maji ya kutiririka pembeni ya jiko ni kiungo kama kari ilivyo kiungo.

Kwa hiyo kitimoto kiive mpaka katikati pasiwe na wekundu wala majimaji ya damu. Ukiona vipunje, usinunue. Na iwe ng'ombe, mbuzi au nguruwe, nunua bucha lenye nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Nyama ya bei poa ya "njoo nyuma ya nyumba" inaweza kuwa ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa.

Kutoka Mshangano mpaka Muscat

Ukitaka kujua kwamba chakula hiki kimetembea, nenda Oman. Huko nyama ya kwenye vijiti inayochomwa kandokando ya barabara jioni inaitwa mishkak. Jina karibu lile lile, mkaa ule ule. Zanzibar inauzwa Forodhani, Mombasa na Dar es Salaam iko kila kona. Kari ina asili ya upande wa India, na biashara ya Bahari ya Hindi ndiyo iliyovikutanisha vyote mwambao.

Kinachobadilika ni cha pembeni. Pwani utapewa na rojo la ukwaju. Bara mara nyingi ni ndizi za kuchoma, chipsi na kachumbari yenye pilipili.

Kabla hujachoma vyote 20

Choma kijiti kimoja kwanza. Kionje mwenyewe kabla ya mteja.

Kikiwa kigumu na nyuzi zinavutika, umekata kwa kufuata nyuzi au umeacha utando. Kikiwa kinameng'enyeka kama uji, papai limezidi muda, choma vilivyobaki sasa hivi, usisubiri. Kikiwa kichungu, moto ni mkali au hukupangusa kari. Kikiwa na ladha ya vumbi, kari haikupitia kwenye mafuta. Kikiwa kimepooza, chumvi haikupata muda, kwa leo nyunyizia kidogo juu na kesho wahi.

Kijiti hicho kimoja kinakugharimu shilingi 775 kwa hesabu ya juu. Vile 19 vilivyobaki ndivyo vinavyoamua kama yule aliyeshuka kwenye bodaboda atasimama tena kesho.